Uzi: Chensoo, dingdong na trekta la winchi. Je, mashine zinatuokoa msituni au zinahamisha tu mahali tunapoumia?

MwanaIgowole

Kamwene wakuu.

Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni, na najua humu wapo wenye uzoefu kunizidi.

Ni mkata miti. Nilianza kazi mwaka 2007 huku Mufindi nikiwa na miaka 19, tukiangusha misindano (paina) kwa msumeno wa watu wawili. Mwaka 2011 nikashika chensoo, yaani msumeno wa injini. Sasa nasimamia kikosi cha watu 14 kinachokata kwenye mashamba ya watu binafsi. Mwezi ujao mwenye kazi analeta trekta lenye winchi ya kuvutia magogo, na ameahidi mashine ya kupakia kwenye lori baadaye. Vijana wamefurahi. Kila nikipita nawasikia wakiambiana, "sasa ajali basi." Nami nimebaki na mawazo, maana maneno hayohayo niliyasikia chensoo ilipoingia.

Ngoja niwaeleze chensoo ilitubadilishia nini.

Ukikata kwa msumeno wa mkono, mti unausikia. Msindano hulia kabla ya kuanguka. Kwanza unaguna ndani kwa ndani, halafu nyuzi zinaanza kukatika moja moja. Mwenzako wa upande wa pili anakutazama usoni, mnauachia msumeno, kila mtu anatoka kwa njia aliyoisafisha mapema. Kazi ilikuwa inavunja mgongo, sikatai. Jioni huwezi kuinua mkono kula ugali. Lakini mlikuwa wawili, na masikio yalikuwa wazi.

Chensoo ilipokuja, mmoja aliondolewa na aliyebaki akazibwa masikio. Mashine ile ikiwa imefunguliwa mafuta yote inapiga kelele ya zaidi ya desibeli 100. Husikii mti ukilia, husikii tawi kavu likikatika juu yako, husikii mtu anayekuita kwa nguvu zake zote.

Halafu kasi. Sisi wawili tulikuwa tunaangusha miti kama 30 kwa siku tukijitahidi. Kijana mmoja mwenye chensoo anaangusha 100 na kuendelea. Hata ukiniambia hatari ya kila mti imepungua kwa nusu, huyu kijana amesimama chini ya miti inayoanguka zaidi ya mara tatu ya nilivyokuwa nasimama mimi, na amesimama peke yake.

Mwaka 2016, kwenye kitalu (eneo la kukata miti) cha mtu binafsi ambacho sitakitaja, rafiki yangu aliangusha msindano ukanasa kwenye mwenzake. Kila aliyefundishwa kazi hii anajua: mti ukinasa hupiti chini yake, na hukati ule ulioushikilia. Unaita trekta au winchi, unauvuta kutokea shinani ukiwa mbali. Lakini tulikuwa tunalipwa kwa mti. Kusubiri trekta ni saa mbili bila shilingi. Akaingia kukata ule ulioshikilia. Yote miwili ilimjia kwa pamoja. Yuko hai, ila hajatembea tena tangu siku ile, na watoto wake wanasomeshwa na kaka yake.

Na trekta lilikuwepo, wakuu. Lilikuwa kama mita 400 kutoka pale, linavuta magogo.

Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Ninavyoona mimi, mashine inamwokoa mtu pale inapomtoa karibu na mti. Ikimwacha palepale halafu ikamwongezea kasi, imemsogeza karibu zaidi na kifo. Nataka kusikia kwa wenzangu waliokwisha kuletewa mashine: kilibadilika nini? Nani alianza kuumia ambaye zamani alikuwa haumii?

---

Dingdong_Njombe

Mkuu pole sana kwa rafiki yako.

Mimi niko upande wa kupasua. Nina dingdong mbili. Kwa wasioijua: ni mashine ya mbao inayotengenezwa na mafundi wetu wa kuchomelea, ina injini ya dizeli, mkanda, na msumeno mkubwa wa duara katikati ya meza ya chuma. Unaivuta mpaka msituni, unaifunga chini, unaanza kupasua palepale mti ulipoangukia. Hiyo ndiyo iliyotutoa kwenye msumeno wa shimo, ule wa mmoja juu ya gogo na mwingine chini shimoni, na imejenga nyumba nyingi sana Njombe na Mafinga. Mimi mwenyewe imenijengea.

Lakini nitakuwa mkweli, kwa sababu umeuliza nani alianza kuumia. Kwenye msumeno wa shimo mtu alikuwa anapata vumbi la mbao machoni na maumivu ya kiuno. Vidole vilikuwa salama. Mimi kwenye dingdong nimeshuhudia vidole vikiondoka mara nne, mara moja ni vya kijana niliyemwajiri mwenyewe. Mkanda hauna kifuniko. Msumeno hauna kinga juu. Nyuma ya msumeno hakuna kile kipande cha chuma kinachozuia mpasuo usijifunge. Ubao ukibana msumeno unarudishwa kwa nguvu ya injini nzima, na anayesukuma gogo amesimama hapo hapo kwenye mstari wake, tumbo mbele. Nimeona ubao umetoka ukaenda kupiga mti wa jirani.

Baada ya kijana wangu kuumia nilitengeneza kifuniko cha mkanda kwa bati na nondo. Kazi ya nusu siku kwa fundi. Nilijiuliza kwa nini sikufanya hivyo miaka yote, na sikupata jibu la kujitetea. Kile chuma cha nyuma ya msumeno nacho nimekiweka. Mashine inakwenda vilevile.

Kwa hiyo nakubaliana nawe. Ila naongeza: mashine zetu zinafuata mti msituni, leo hapa, kesho bonde jingine. Kiwanda kilichojengwa mahali pamoja mkaguzi anakijua. Dingdong nani anajua iko wapi wiki hii?

---

Mlimwengu_Iringa

Nyie mnazungumzia trekta. Siku wakileta zile mashine kubwa zinazokata, kupunguza matawi na kukatakata magogo zenyewe, vijana 14 wa MwanaIgowole watakuwa salama kabisa kwa sababu watakuwa nyumbani bila kazi. Usalama wa namna hiyo mtu analisha nao nini watoto? Naomba mtu anijibu kwa dhati, maana ndugu zangu wawili wanaishi kwa chensoo.

---

Mtani_Umeå

Salaam wakuu. Nilisoma misitu SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, nikafanya mafunzo kwa vitendo kwenye shamba la miti la Sao Hill, na sasa ni mwaka wa 11 niko kaskazini mwa Sweden. Nimeendesha mashine ya kutoa magogo msituni kwa miaka minne kabla mgongo haujanihamishia ofisini. Nitaandika kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Namjibu Mlimwengu kwanza. Swali lako ni halali na hakuna anayepaswa kulipita. Hiyo mashine kubwa uliyoitaja inaitwa havesta; moja tu inafanya kazi ya watu wengi wenye chensoo, na bei yake ni mamia ya maelfu ya dola. Hapa Sweden vijiji vilivyokuwa vinaishi kwa kukata miti vilibaki na wazee. Hilo lilitokea, sitalipamba.

Kuhusu usalama, mabadiliko hapa yalikuja kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na waathirika wake. Chensoo ilipoenea baada ya vita vya pili vya dunia, yakaja majeraha ya miguu, masikio na vidole kuwa vyeupe na kufa ganzi kwa sababu ya mtetemo. Ilibidi mashine zenyewe zibadilishwe: mipini ikatenganishwa na injini kwa mipira au springi, na breki ya cheni ikawekwa ili msumeno ukirukia usoni cheni isimame papo hapo. Baadaye zikaja mashine kubwa, na kufikia miaka ya 1990 karibu ukataji wote wa kibiashara ulikuwa unafanywa na mtu aliyekaa ndani ya kebini ya chuma. Kupondwa na mti kukawa jambo la nadra kwa walioajiriwa.

Lakini hapo ndipo shingo na mabega yalipoanza kuharibika. Unakaa zamu nzima, mikono miwili kwenye vijiti vidogo, vidole vinafanya maelfu ya mikunjo, macho hayapumziki, na mwili hausogei. Nilikuwa na wenzangu wa miaka 30 wasioweza kugeuza shingo. Dawa iliyosaidia ilikuwa kubadilishana kazi ndani ya zamu na kushuka chini mara kwa mara. Na kushuka nako kuna hatari yake: mtu anateleza kwenye ngazi yenye barafu au mafuta, au anaumia akifanya matengenezo. Mtu yuko salama ndani ya kebini, anaumia akitoka.

Kitu kingine ambacho watu wa nyumbani hawakijui: cheni ya havesta inazunguka kwa kasi kuliko ya chensoo, ikikatika kipande kinaruka kama risasi. Ndiyo maana dirisha la dereva limetengenezwa kwa plastiki nzito maalumu, si kioo cha kawaida, na mashine imeandikwa ubavuni umbali ambao mtu hatakiwi kuukaribia, mita 70 na zaidi kutegemea mashine.

Sasa jambo ambalo nadhani linamhusu MwanaIgowole kuliko yote. Mwaka 1975 wakata miti wa Sweden waligoma. Hawakuwa wanagombania mashine. Dai lao kubwa lilikuwa kuachana na malipo ya kipande na kulipwa mshahara wa mwezi. Walifanikiwa kwa sehemu kubwa, na watafiti waliofuatilia waliona ajali zimeshuka baada ya malipo kubadilishwa. Msitu ni uleule, chensoo ni zilezile, watu ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye mti ulionasa hakupoteza tena hela kwa kusubiri winchi.

Niliposoma habari ya rafiki yako na lile trekta la mita 400, nimekumbuka hilo moja kwa moja.

---

Nyundo_ya_Makete

Mkuu wa Umeå umetusaidia sana. Swali dogo: hizo mashine kwenye milima kama yetu ya Makete zinapanda?

---

Mtani_Umeå

Kaka Nyundo, kwa magurudumu ya kawaida zikifika mteremko wa asilimia 30 hadi 40 zinaanza kuwa hatari zenyewe, na mvua ikinyesha ni mapema zaidi. New Zealand wana milima ya misindano mikali sana. Mwaka 2013 pekee walipoteza wakata miti 10, na mwaka 2014 tume huru iliyopitia usalama wa misitu yao ilitoa ripoti nzito kuhusu uchovu, mafunzo, mikataba na usimamizi. Tangu hapo wamewekeza sana kwenye mashine zinazofungwa kwa kamba ya chuma kutoka juu ya mlima, winchi inazishikilia zisiporomoke huku zinakata. Lengo waliloliweka ni kwamba asiwepo mtu kwenye mteremko wala mkono kwenye chensoo. Vifo havijaisha, lakini mwelekeo wao ni ule aliousema mleta uzi: kumtoa mtu chini ya mti.

Na asije mtu akadhani mashine peke yake zinatosha. Marekani ina mashine kila kona, na huko West Virginia kampuni zilizoanza kutumia mashine za kukata zilipunguza sana majeraha. Lakini ukichukua nchi nzima, mwaka 2023 wakata miti walikufa kwa kiwango cha karibu 99 kwa kila wafanyakazi 100,000, wakati wastani wa kazi zote ulikuwa 3.5. Bado kuna miti mikubwa na miteremko ambako ni mtu na chensoo yake.

---

Elburgon_Ndani

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi ni wa hapa Elburgon, Kenya. Sisi chensoo huiita pawa soo.

Nataka kuongeza kitu kuhusu ujuzi. Serikali yetu ilipiga marufuku ukataji kwenye misitu ya umma mwezi Februari 2018, na marufuku hiyo ikaondolewa Julai 2023. Hiyo ni zaidi ya miaka mitano. Katika muda huo, wazee waliokuwa wanajua mti walitawanyika. Wengine waliingia kwa boda boda, wengine mjengo Nakuru, wengine umri ukawapita. Kazi iliporudi, pawa soo zilirudi haraka kuliko watu wa kuzishika. Nilimwona kijana amenunua mashine mpya kabisa, cheni inang'aa, na hajui kuacha ile sehemu ya katikati ambayo haikatwi.

Kwa ambao si wa kazi hii: unakata mdomo upande unaotaka mti uangukie, halafu unakata nyuma, lakini unaacha ukanda wa mbao katikati. Ule ukanda ndio bawaba, unaufanya mti ushuke kama mlango unaofungwa. Ukiukata wote, mti hauna anayeuongoza, unaweza kuzunguka na kurudi kwako. Mzee aliyenifundisha alikuwa ananifanya nikague shina la kila mti niliouangusha, kisha anapima unene wa ule ukanda kwa vidole. Kama umepinda, ananirudisha kuangalia mti ulielekea wapi. Hayo ni mafunzo ya miezi. Dukani wanakuuzia mashine kwa dakika kumi.

Huyo kijana sijamwacha. Nilimsimamisha siku mbili, tukaanza na miti midogo.

---

BintiNyololo

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Nimesoma wote mnaongelea mkataji, mpasuaji na dereva. Naomba mtukumbuke na sisi wa kusomba mbao. Huku kwetu mbao zinatolewa bondeni hadi barabarani kichwani, na wengi wetu ni akina mama. Wengine huokota matawi ya kuni. Mama lishe naye anakuja na sufuria zake hadi kwenye kitalu kwa sababu wanaume hawana muda wa kutoka.

Zamani kwa msumeno wa mkono mlikuwa mnapiga kelele, "mti huooo!" tunasimama, tunatazama juu. Sasa tunasikia chensoo tatu kwa wakati mmoja, hatujui ipi ndiyo inaangusha na ipi inapunguza matawi. Na likija trekta, litapita njia gani? Njia ni ileile tunayopandisha nayo mbao. Mimi niko na mtoto mgongoni, nina mbao mbili kichwani, siwezi kuruka pembeni.

MwanaIgowole, kaka yangu, umesema kikosi chako ni watu 14. Je, kwenye hao 14 tumo?

---

MwanaIgowole

Dada BintiNyololo, nimesoma swali lako nikaweka simu chini.

Hapana, hamumo. Ile 14 ni wakataji, wapunguza matawi, wapasuaji na mtunza kumbukumbu. Wasombaji tunawahesabu kwa ubao waliofikisha, si kwa majina. Kumbe siku ya kazi kitaluni kwangu kuna watu karibu 30, na nusu yao sijawahi kuwaambia simama hapa, usipite pale. Nakushukuru kwa kunionesha.

Kanuni ninayoijua mimi ni kwamba mtu yeyote asiyeangusha akae mbali mara mbili ya urefu wa mti. Msindano wa mita 20 maana yake mita 40 pande zote, na mteremkoni upande wa chini uongeze, maana gogo linabiringika. Naifahamu vizuri. Nimekuwa nikiitumia kati ya mkataji na mkataji tu.

---

Dereva_wa_Ferguson

Habari zenu. Nimeendesha trekta la kuvuta magogo miaka tisa, na kwa kuwa mleta uzi anasubiri trekta naomba nimpe mambo yanayoua upande wetu, kwa sababu hayafundishwi.

La kwanza ni mahali unapofunga mnyororo. Trekta la shambani halikutengenezwa kwa ajili ya gogo. Ukifunga gogo juu, karibu na mhimili wa nyuma au kwenye kiti, gogo likikwama kwenye kisiki magurudumu ya nyuma yanaendelea kuzunguka na pua ya trekta inanyanyuka. Linakufunika kwa nyuma. Ni kufumba na kufumbua, huna muda wa kukanyaga klachi. Funga chini kabisa kwenye chuma cha kuvutia. Mteremkoni vuta ukielekea chini, usikate mteremko kwa ubavu.

La pili ni fremu ya chuma juu ya dereva. Matrekta mengi yanayoingia kwetu yakiwa yametumika, fremu imetolewa ili yapite chini ya matawi au kwa sababu iliuzwa vyuma chakavu. Huko Sweden anakokaa ndugu yetu, trekta jipya lilianza kulazimishwa kuwa na fremu hiyo tangu 1959, na vifo vya madereva kufunikwa vilishuka sana. Sisi leo bado tunaitoa. Mwambie mwenye kazi: trekta lisilo na fremu lisiingie mteremkoni, hata kama injini ni nzuri kiasi gani.

La tatu ni kamba ya winchi. Inapokaza, hakuna mtu anayesimama kwenye mstari wake wala ndani ya kona inayojikunja. Ikikatika inarudi kama mjeledi wa chuma. Nimeona imekata mche wa msindano wa unene wa mkono. Kamba ikianza kutoa nyuzi, iondoe, hata kama imebaki siku moja ya kazi.

Na la mwisho ni la kibinadamu tu. Mimi dereva nikiwa nimekaa juu, nimegeuka nyuma kutazama gogo, simwoni aliye mbele. Simsikii. Kila trekta liwe na mtu mmoja wa ishara, na dereva asisogee bila mkono wake. Wenye kazi hawapendi kumlipa huyo mtu kwa sababu "hashiki kitu". Yeye ndiye anayemfanya BintiNyololo afike barabarani.

---

Mlimwengu_Iringa

Nimeelewa sasa, nashukuru kwa majibu. Bado nina hofu ya ajira, lakini naona hata mtu wa ishara ni ajira. Ndugu zangu nitawatumia huu uzi. Mmoja ametoa breki ya cheni kwenye chensoo yake kwa sababu anasema inamchelewesha. Nitampigia leo.

---

Sheria_Kwanza

Niongeze upande wa haki kwa kifupi.

Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Shambani na msituni ni mahali pa kazi kama kiwandani. Mwajiri anatakiwa kutoa vifaa vya kinga, kutoa mafunzo na kuweka vizuizi kwenye sehemu za mashine zinazozunguka. Dingdong bila kifuniko cha mkanda haijaruhusiwa popote.

Kuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kukusanya michango mwaka 2015. Aliyeumia kazini anastahili matibabu na fidia, na ulemavu wa kudumu una malipo yake. Tatizo la misituni ni kwamba mtu analipwa kwa mti au kwa ubao, hana karatasi, mwenye kitalu anasema "huyu ni wa mkandarasi", na mkandarasi anasema "huyu ni kibarua wa siku". Kwa hiyo ushauri wangu kwa msimamizi yeyote: andika majina, yote, kila asubuhi, na saini ya mwenye kazi. Daftari la shilingi elfu moja limewahi kumtetea mtu kuliko wakili. Kwa wenzetu wa Kenya, sheria inayohusika na fidia ni ya mwaka 2007, na daftari lina kazi ileile.

---

Dingdong_Njombe

Kuhusu mafunzo: Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, na Moshi kuna FITI, chuo cha viwanda vya misitu. Wakati wa ile programu ya Panda Miti Kibiashara iliyofadhiliwa na Finland, wengi huku Njombe tulipata kufundishwa kushika chensoo na kupasua vizuri. Nilijifunza huko kwamba ile suruali maalumu ya mkataji haizuii cheni kwa ugumu. Ndani ina nyuzi ndefu, cheni ikigusa inazivuta, zinajaa kwenye gia na mashine inasimama. Kabla ya hapo nilidhani ni suruali ya mapambo ya wazungu na nilikuwa nawaacha vijana wakate na jinzi na mabuti ya mpira.

Ni ghali na ina joto, najua. Nimenunua mbili, wanapokezana kwa zamu.

---

MwanaIgowole

Wakuu, narudi na mrejesho kabla sijalala.

Leo jioni nimekaa na mwenye kazi, nikamsomea sehemu kubwa ya uzi huu kutoka kwenye simu. Hakupenda mwanzoni. Amekubali manne, na moja tumeachana bila kukubaliana.

Trekta halitaingia mpaka fremu ya juu iwe imechomelewa vizuri na fundi anayejua, na kutakuwa na mtu wa ishara kwa malipo ya siku. Njia ya trekta tutaifyeka upya upande wa mashariki wa bonde, ile ya zamani ibaki ya wasombaji. Na majina yataandikwa kila asubuhi, wasombaji wakiwemo. Dada BintiNyololo, ukifika utaandikwa.

Kwenye malipo tumebishana. Nilimwomba walipwe kwa siku. Anasema akilipa kwa siku watu watalala. Nikamwambia basi angalau mti ulionasa tuulipe: mkataji akiuwekea alama, akaondoka na kusubiri trekta, anahesabiwa kama ameuangusha, na muda wa kusubiri anaendelea na kazi nyingine upande wa pili. Amesema atafikiria hadi Ijumaa. Nitamsubiri, na kwa sasa hiyo miti nitailipa kutoka kwenye posho yangu ya usimamizi. Nimepiga hesabu, kwa wiki hainasi mingi kiasi cha kunishinda.

Kesho asubuhi naenda na kamba ya futi na vitambaa vyekundu kupima mita 40. Dereva wa Ferguson, nakuomba namba yako kwa ujumbe wa faragha, nataka uje siku ya kwanza trekta litakaposhuka. Nauli kutoka ulipo nitalipa mimi.